Ndege Tatu za Sirili

Jumamosi soko la Memorial, mjini Moshi, halina adabu: ukisimama unasukumwa, ukitembea unakanyagwa. Dominika, fundi cherehani wa Mkuu, Rombo, alikuwa akipekua mitumba, amevaa gauni la njano lililombana kiuno, aliposikia mlio wa utotoni mwake. Akaufuata hadi kibanda cha Sirili, fundi wa televisheni, aliyekuwa akicheza gemu ya zamani: kindege cheupe kinakwenda kulia, nyota zinarudi nyuma, maadui wanamiminika.

"Usibonyeze bado, kaka," alimwambia. "Kusanya vidonge vyekundu vitano kwanza, upate ndege msaidizi."

Sirili akageuka, akaliona gauni, akamwona mwenye gauni, na ndege ikagonga mlima. Akajitetea kwamba yeye ndiye bingwa wa Moshi nzima, ila leo ameponzwa na uzuri.

Mapenzi yakaanza hivyo. Kila Jumamosi walicheza kwa zamu, katikati ya wiki wakapigiana simu. "Umekula, kidonge changu?" "Nimekula, rubani." Dominika aliipenda gemu ile kwa sababu haimbembelezi mtu. Ukifa inakunyang'anya silaha zote, unaanza upya na kindege kitupu. Alikulia kati ya kaka sita waliomwachia ashinde kila mchezo, kisha wakamcheka pembeni. Ushindi huu ulikuwa wake.

Baada ya kushinda Jumamosi kumi na moja mfululizo, akaingiwa na shaka. Akapiga simu.

"Bingwa hafi kwenye mlima uleule kila wiki. Unaniachia, Sirili?"

Hapo ukweli ungemwokoa. Lakini kiburi cha mwanamume, jamani! Sirili akajikohoza, akasema mwanamume mwenye mapenzi lazima amwachie mpenzi wake. Dominika akakata simu na kuifungia namba yake. Wiki mbili Sirili hakulala wala hakula vizuri, na televisheni za watu zikarundikana bila kutengenezwa.

Mwishowe mama yake akamkatia jani la isale, ambalo Mchagga akiletewa hawezi kukataa kusamehe. Sirili akapanda Mkuu na koti jeusi juani, isale mkononi, gemu kwapani. Akamwamkia baba wa Dominika, Mzee Kornelio, akampa jani.

"Isale haikataliwi," mzee alisema. "Ila kosa lenyewe ni lipi?"

"Nilimdanganya, baba. Sijawahi kumwachia. Ndivyo ninavyocheza."

Kaka sita wakaguna. Dominika, aliyesimama mlangoni amekunja mikono, hakuamini.

"Cheza," akasema.

Gemu ikaunganishwa sebuleni. Ndege ya kwanza ikajibamiza chini kabla adui hajatokea. Ya pili ikaifuata. Kwa ya tatu Sirili aling'ata ulimi, jasho likamchuruzika, akainama kushoto na kulia kana kwamba yeye ndiye anayeruka. Akaingia mlimani mzimamzima. Bibi yake Dominika akauliza kama kijana anaona sawasawa.

Dominika hakutazama kioo, alitazama vidole. Vilikuwa vikihangaika kwa dhati. Akacheka mpaka akakaa sakafuni, na moyo wake ukalainika wote.

"Hakuna anayeweza kuigiza ubovu huu," akasema.

"Nikirudi na wazee wangu na pombe ya mbege kuleta posa," Sirili akauliza kwa sauti ndogo, "utanikubali hivihivi?"

Dominika akamnyang'anya padi ya kuchezea.

"Waje. Ila watoto wetu, gemu nitawafundisha mimi."