Kipisi Apiga Hodi Tumboni mwa Doa

Haya niliyaona mwenyewe, kwa macho yangu haya mawili. Shule niliishia darasa la tano. Lakini macho yangu yalifika mbali zaidi!

Nilikuwa Rungwe, nyumbani kwa Tusekile. Tusekile ana miaka sita, na ana ndama. Ndama anaitwa Doa, kwa sababu ana doa jeupe puani.

Siku hiyo Doa alilala chini. Maziwa hataki. Majani hataki. Tumbo lake likasema nguru-nguru-nguru! Halafu huku nyuma... pruuut!

"Mama! Doa anaharisha tena!"

"Mpe maji, mwanangu. Taratibu. Asipopona tumbo, hatasimama huyu."

Tusekile akaleta maji ya kijito. Doa akanywa. Gugu, gugu, gugu.

Na ndani ya funda moja, alikuwemo Kipisi!

Kipisi ni nani? Ni kirusi. Wewe, tulia, usikimbie! Huyu hana shida na watu. Hana shida na ndama. Huyu anawawinda bakteria tu. Tena si bakteria wote. Wa aina moja tu!

Kipisi ni mdogo. Chukua chembe ya unga. Isage. Isage tena. Bado Kipisi ni mdogo zaidi! Wengine hawamwoni. Mimi nilimwona.

Kichwa chake kina pembepembe, kama jiwe. Mkia wake ni kama mrija. Na chini ana miguu sita, myembamba kuliko unywele.

Macho hana. Kila kitu anakijua kwa miguu.

Ndani ya kichwa chake kuna uzi mrefu, umekunjwa vizuri. Uzi huo ni mmoja tu. Akiumwaga kwenye nyumba isiyo yake, yaani ndani ya bakteria asiyemtafuta, basi! Kwisha! Hana mwingine, na Doa hatapona.

"Kwa hiyo nipapase vizuri," akasema Kipisi.

*Gusa, gusa, papasa!*
*Kama si hapa, twende sasa!*

Tumboni giza. Maji yanambeba Kipisi huku na huku, maana kuogelea hajui. Chubwi! Akamgonga mtu laini.

"Hodi!"

"Karibu, mjukuu wangu!"

Alikuwa bakteria mnene, bibi mwema. Kazi yake ni kumsaidia Doa kulainisha majani.

Kipisi akashusha miguu. Tere! Tere! Tere! Yote ikateleza.

"Umekosea nyumba, mjukuu wangu," akasema yule bibi. "Miguu yako haina pa kushika hapa. Unamtafuta nani?"

"Anayemuumiza Doa, bibi."

"Aa, wale! Wako kule chini. Wametuharibia mtaa wote!"

*Gusa, gusa, papasa!*
*Kama si hapa, twende sasa!*

Chubwi! Akamgonga mwingine, ana manyoya mwili mzima.

"Hodi!"

"Karibu, lakini usinivute manyoya!"

Kipisi akashusha miguu. Ta! Ta! Miwili ikashika. Tere, tere, tere, tere! Minne ikateleza.

Kipisi alikuwa amechoka. "Miwili inatosha," akasema. "Namwaga uzi wangu hapa hapa."

Mimi nikapiga kelele: "Haitoshi! Wee Kipisi, haitoshi!"

Na nyinyi semeni: haitoshi!

"Ndiyo, haitoshi!" akafoka yule mwenye manyoya. "Mimi nalinda ukuta wa tumbo hili. Unataka kunitoboa mimi, shangazi yako?"

Kipisi akaona aibu. "Samahani, shangazi." Akaachia miguu yake. Mmoja. Na wa pili.

*Gusa, gusa, papasa!*
*Kama si hapa, twende sasa!*

Ghafla, nguru-nguru-nguru! Tumbo likacheza. Maji yakaanza kukimbia. Yanakimbilia wapi? Unajua wewe! Yanakimbilia huku nyuma!

"Nitatoka nje!" akalia Kipisi. "Nikitoka, Doa atabaki na nani?"

Akanyoosha miguu yote sita. Akanyoosha, akanyoosha... Chubwi!

"Hodi!"

"Hatupo!"

Kipisi akashangaa. "Kama hampo, nani anajibu?"

"Hakuna mtu! Nyumba tupu! Nenda kwa yule bibi mnene, ana nafasi kubwa!"

"Hodi tena!"

"Mimi ni mwema! Mimi nalainisha majani! Mimi nalinda ukuta! Muulize yeyote, mimi sina neno na mtu!"

Maneno matamu hayo. Lakini miguu haisikii maneno. Miguu inapapasa tu.

Ta! Mguu wa kwanza ukashika.

Ta! Wa pili.

Ta! Wa tatu. Ta! Wa nne.

Ta! Wa tano.

Tukabana pumzi, mimi na bibi na shangazi.

Ta! Wa sita!

"Ni wewe!" akasema Kipisi.

"Siyo mimi! Ni ndugu yangu! Hihihi, unanitekenya! Toa miguu, bwana!"

Kipisi hakutoa. Akachuchumaa. Mkia wake ukajikunja, chup! Uzi wote ukaingia ndani.



Halafu yule mkorofi akaanza kuvimba. Akavimba. Akavimba!

"Nani yumo tumboni mwangu?"

"Sisi!"

"Sisi nani?"

Pwaaa!

Wakatoka akina Kipisi wapya, waliotengenezwa na ule uzi. Kipisi huyu, Kipisi yule, Kipisi kule! Vichwa vya pembepembe. Miguu sita kila mmoja. Wote wakaimba:

*Gusa, gusa, papasa!*
*Kama si hapa, twende sasa!*

"Hodi!" "Hatupo!" Pwaaa!

"Hodi!" "Tumehama!" Pwaaa!

"Hodi!" "Mwenye nyumba amesafiri!" Pwaaa!

Bibi mnene hawakumgusa. Shangazi wa manyoya hawakumgusa, ila walimpungia miguu.

Tumbo la Doa likapoa. Nguru... ngu... basi.

Jioni, Doa akainua kichwa. Akainua mgongo. Kidogo aanguke.

Akasimama!

"Mooo!"

"Mama! Mama! Amesimama! Ananyonya!"

"Eh, jamani, kweli! Mwache anyonye, mwanangu. Na wewe njoo unawe mikono ule."

Tusekile akala. Akanawa miguu. Akajifunika shuka mpaka kidevuni.

Doa akalala kwenye nyasi kavu, tumbo limejaa maziwa.

Na ndani ya tumbo, akina Kipisi wakatulia. Hakuna wa kumpigia hodi tena. Wakakunja miguu yao yote, wakakoroma. Krrr... krrr... krrr...

Haya, na wewe lala sasa. Yote niliyokwambia niliyaona mwenyewe.

Ila kule kukoroma... Haya, nasema. Kirusi hakoromi. Hicho kimoja nimekitunga, maana naona bado umefumbua macho.