Mti Usio na Namba

Jirani yetu mmoja, tuliyemzoea kwa jina la Mama Majani, alifanya kazi miaka ishirini na mbili katika msitu wa hifadhi ulio karibu na pwani. Kazi yake ilikuwa kupima miti. Kila mti ulipigiliwa kibati chenye namba. Mdogo wake wa kiume, ambaye dada huyo ndiye aliyemtafutia kibarua hicho, alizungusha utepe kwenye shina, usawa wa kifua, akataja sentimita. Dada mtu akaandika daftarini. Huyo mdogo wake alikuwa pande la mtu, mcheshi. Wenzake walimwita Mbambakofi, kama ile miti minene ya huko.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imekatika. Mbega walirukaruka juu, hondohondo wakapiga makelele yao, na siafu walikuwa wamekatiza njia.

"Dada, siafu wa huku wana hasira kama wifi yako," Mbambakofi alisema, akijipangusa miguu.

Karibu na saa sita mchana walifika bondeni, wakakuta mti usio na kibati. Mama Majani alijua kila jani la msitu ule. Jani la mti huo hakulijua.

"Tuuache?" Mbambakofi akauliza.

"Pima tu. Namba tutaupa kesho."

Akauzungushia utepe. Akakunja uso.

"Mia moja na nne." Akaugusa kwa kiganja. "Dada, huu mti una joto. Kama mtu."

Nyenze wakanyamaza. Wote, kwa mpigo mmoja. Ndege nao.

Mama Majani akainua macho. Mdogo wake alikuwa amesharudi, amesimama mbele yake, midomo ameifumba. Nyuma ya mti, sauti ya huyo huyo mdogo wake ikasema taratibu, "Mia moja na nne."

"Si mimi," Mbambakofi akanong'ona.

Walitoka bondeni wameshikana mikono kama watoto. Hakuna kilichowafuata.

Haikupita wiki, mashati yakaanza kumpwaya Mbambakofi. Hospitali walimpima damu, wakampiga picha ya mapafu, wasione kitu. Chakula alikula kuliko zamani. Mkewe alimpunguzia suruali mara mbili, halafu akaacha.

Siku ya tisa, Mama Majani alikuwa peke yake ukingoni mwa msitu, jua la utosi, alipoisikia tena ile sauti. "Tisini na saba." Basi.

Jioni alikwenda kwa mdogo wake, akamvua shati, akamzungushia utepe kifuani. Tisini na saba.

"Unanipimia nini, dada?"

"Nataka nikushonee shati, mdogo wangu."

Mbambakofi alivaa shati lake. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Leo ile sauti imesema ngapi?"

Dada mtu alikunja utepe, akaondoka. Usiku ule hakufumba jicho. Lile neno lake, "pima tu," halikumtoka kichwani. Kulipokucha alirudi bondeni. Akavua viatu, akapiga magoti kwenye majani yaliyooza.

"Ni mimi niliyesema upimwe," aliuambia mti. "Mwache. Nichukue mimi."

Akasubiri. Hata jani halikutikisika.

"Tisini na tatu," sauti ya mdogo wake ikasema, karibu kabisa na sikio lake.

Tangu siku hiyo hakuhitaji tena kwenda msituni. Kila adhuhuri hesabu ilimfikia jikoni kwake, dirishani. Themanini. Sabini na moja. Mgonjwa akawa wa kugeuzwa kitandani kwa mkono mmoja. Siku ya hamsini na tano alikata roho huku akitafuna. Jeneza lilibebwa na watu wawili tu, na mpaka leo hao wawili wanaapa kwamba lilikuwa kama tupu.

Baada ya mazishi kukawa kimya. Mama Majani aliacha kazi, akautupa utepe chooni, akahamia kwa wifi yake ili wasikae wapweke. Siku nane hakusikia kitu. Akaanza kulala. Akaanza hata kula.

Siku ya tisa, adhuhuri, alikuwa sebuleni akikunja nguo. Wifi yake alikuwa uani, anaosha vyombo. Nje, upande wa msituni, mwanamke akasema taratibu, "Tisini na mbili."

"Abee, wifi?" mjane akaitika, akidhani ameitwa kutoka ndani. "Umesemaje?"

Mama Majani hakuwa amefungua mdomo.

Aliingia chumbani, akajifungia, akavua gauni. Kifuani, chini ya makwapa, mstari mwekundu mwembamba ulikuwa umemzunguka mwili mzima. Aliusugua kwa sabuni, kisha kwa mafuta ya taa. Haukutoka. Aliposogea karibu na mwanga aliona una vialama vidogo vidogo, vimepangwa kwa nafasi sawa kama vya utepe, kuanzia ubavu wa kushoto mpaka pale unapokutana na mwanzo wake.