Tulifunga Siku Tisa

Hadithi za sukari mmekwisha kula za kutosha. Hii ninayowapa ni shubiri, na shubiri humezwa mtu akiwa ameketi.

Ilianza kwa kitu kidogo. Ti, ti, ti, chini ya meza ya Mwandishi, saa nne ya asubuhi, jua limejaa chumbani na nguo za jirani zinapepea kwenye kamba. Mwandishi akainama, akatazama miguu ya meza, akagonga ukuta, akafunga bomba la maji. Mjusi, alisema moyoni. Akarudi kuandika. Alipofika tena kwenye lile neno, mkono wake ulipoandika "tulifunga", ikaja tena: ti, ti, ti, sauti nyembamba ya chuma juu ya mbao, taratibu, kama mtu mwenye adabu anayeogopa kusumbua wenye nyumba. Na nyuma ya sauti ikaja harufu ya nguo iliyoungua kisha ikanyeshewa.

Mwandishi huyu alikuwa na vitabu vinne madukani, vyote vya vita, na katika vyote vinne hakuna mwanamke aliyemtenda mwenzake ubaya. Wanawake wake walikaa mafichoni wakisomeana vitabu kwa mshumaa, wakagawana mkate na machozi, na ukurasa wa mwisho wakatoka juani wameshikana mikono. Wasomaji walimwandikia kwamba wamelia wakapona. Na yeye vita alivijua kama mwenye kuogea kata anavyoijua bahari.

Kitabu cha tano alikitoa nyumbani, kinywani mwa Bibi yake mzaa mama, aliyemlea tangu anatambaa. Siku za vita Bibi alikuwa muuzaji katika duka la vitabu. Walikuwa marafiki watatu walioitana somo: yeye, karani wa duka, na mshonaji wa chumba cha jirani ambaye kila mtu alimwita Kicheko, maana alikuwa akicheka hata akichomwa na sindano. Karani alikufa uzeeni kitandani mwake. Kicheko hakutajwa sana. Mwandishi aliweka kinasa sauti juu ya meza ya jikoni, akauliza mliokokaje. Bibi alikuwa anachambua maharage. Alisema bila kuinua uso:

"Tulijificha stoo ya duka. Tulifunga siku tisa. Tukasoma vitabu kwa sauti, ili tusisikie."

Basi. Mwandishi alizima kinasa sauti, akambusu Bibi paji la uso, akakimbilia mezani kwake. Swali la pili hakuuliza. Aliandika sura nzima ya kupendeza, wanawake watatu wamefunga siku tisa bila hata punje mdomoni, wanakula maneno badala ya chakula, Kicheko akiwa katikati anawachekesha, na wanasoma kwa sauti ili wasisikie njaa. Hilo neno "njaa" alilitia mwenyewe, kama mpita njia anavyotupia chumvi chungu cha watu.

Mhariri wake alipoisoma alipiga simu huku anapenga kamasi. Akasema dada, hii sura itauza kitabu chote. Akaagiza jalada lichorwe siku hiyo hiyo, wanawake watatu wanacheka juu ya kitabu kimoja.

Jumapili baada ya chakula cha mchana Mwandishi akamsomea Bibi. Alisoma vizuri, kwa sauti yake ya ukumbini. Alipofika kwenye njaa akasikia maharage yanaanguka, moja moja, kutoka kwenye ungo hadi sakafuni. Bibi alikuwa anamtazama kwa macho ambayo hakuwahi kumtazamia, hata siku ile alipovunja miwani yake.

"Nani alikwambia njaa?" Bibi aliuliza.

"Si wewe, Bibi. Ulisema mlifunga."

Bibi akafungua kinywa ajibu, kisha kinywa kikajifunga. Hakukifunga yeye. Kilijifunga kwa nguvu, meno yakakutana kama mlango na fremu, na tangu saa hiyo hakikufunguka kwa uji wala kwa maji wala kwa kijiko cha dawa.

Walimpeleka zahanati. Daktari akapima shingo, akapima damu, akasema misuli tu, ni uzee, akamtundikia dripu. Siku ya tatu wakamrudisha nyumbani na chupa yake ya dripu. Siku ya nne Mwandishi alikuwa anampangusa uso kwa kitambaa, dirisha wazi, watoto wanacheza nje, ndipo akaisikia ile sauti karibu kuliko siku zote, na akageuza kichwa kuitafuta mezani, kabatini, chini ya kitanda, mpaka sikio lake lilipokuwa juu kabisa ya midomo ya Bibi, akagundua kwamba inatoka humo, nyuma ya meno yaliyofungwa: kitu kilikuwa ndani ya kinywa cha mwanamke yule mzee kikigonga kutaka kutoka, ti, ti, ti, na kila kikigonga machozi ya Bibi yalishuka pembeni yakaingia masikioni.

Mwandishi alikasirika kabla ya kuogopa. Ndivyo alivyo mtu asiyezoea kukatazwa. Alimkasirikia daktari, akamkasirikia Mhariri aliyekuwa akiuliza kila asubuhi sura za mwisho zimefika wapi, akamkasirikia na Bibi mwenyewe, kwamba kwa nini aharibu kitu kizuri namna ile. Lakini kila siku Bibi alizidi kuwa mwepesi. Siku ya nane ukimwinua ilikuwa kama kuinua shuka. Na Mwandishi, anayejua kuhesabu sura, alijua pia kuhesabu siku.

Ndipo akamwita Mganga. Alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya raba. Mwandishi alikwisha andaa ubani na makaa. Mganga akaagiza ubani ule ukawekwe nje.

"Huyu hafukuzwi kwa moshi, mwanangu. Moshi ameushiba."

Akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika Bibi mkono, akasema kwa upole kama anayeongea na mgeni barazani: mama, tumekusikia, sema jina lako au sema haja yako. Kugonga kukakoma. Watoto nje nao wakanyamaza, sijui kwa nini, na nguo kwenye kamba ya jirani zikaning'inia wima japo upepo ulikuwepo, na ile harufu ya nguo iliyoungua ikanyeshewa ikajaa chumbani polepole kama maji yanavyojaa kwenye beseni, ikafika magotini, ikafika kifuani, ikafika puani, hata Mwandishi akawa anavutia pumzi mdomoni, na hapo midomo ya Bibi, meno yakiwa bado yameumana, ikatikisika, na sauti ya msichana, changamfu, sauti ya mtu aliyezoea kucheka, ikasema:

"Hodi, somo."

Mwandishi alilelewa vizuri. Neno la kuitikia lilimfika ncha ya ulimi. Mganga akamziba mdomo kwa kiganja.

"Ukiitikia wewe, anaingia kwako," alinong'ona. "Aitikie aliyefunga."

"Amefunga nani? Walifunga wote watatu, hawakuwa na chakula."

Mganga akamtazama kama unavyomtazama mtu mzima aliyevaa viatu kinyume. "Wewe unaishi kwa maneno," alisema, "na hujui kwamba mlango nao hufungwa?"

Jamani. Mwandishi alikaa chini sakafuni. Tulifunga siku tisa. Tukasoma kwa sauti, ili tusisikie.

Kitandani taya la Bibi likalegea, na sauti iliyotoka sasa ilikuwa yake mwenyewe, kavu kama ganda. Aliongea akitazama dari. Alisema siku ya kwanza Kicheko alikwenda kuwatekea maji, wote watatu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na mbio. Askari wakaingia mtaani, wakachoma vyumba vya ushonaji. Kicheko akarudi ameungua, akajikunja chini ya ngazi mlangoni pa stoo. Hakupiga kelele, asije akawauza wenzake. Aligonga kwa subana, kile kikofia cha chuma anachovaa mshonaji kidoleni. Ti, ti, ti. Hodi, somo. Bibi alikuwa ameshika komeo, na karani alikuwa ameushika mkono wa Bibi.

"Siku ya kwanza tuliogopa," alisema Bibi. "Siku ya pili mtaa ulikuwa mtupu. Paka tu. Lakini ungefungua siku ya pili ungemweleza nini kuhusu ya kwanza? Tukachukua kitabu. Tukasoma kwa kupokezana, kwa sauti, yeye anagonga sisi tunasoma, mvua ikamnyeshea huku tunasoma. Siku ya tisa ndipo tulipomaliza kitabu. Ndipo tukasikia kimya."

Akameza mate. "Na njaa hatukuwa nayo, mjukuu wangu. Kulikuwa na gunia zima la maharage. Tulikula kila siku."

Kisha akajiinua kwa kiwiko, mwanamke ambaye asubuhi ile hakuweza kuinua shingo, akaugeukia mlango wa chumba, akasema neno alilodaiwa miaka sitini.

"Karibu, somo. Karibu ndani."

Mlango ukafunguka. Hakuonekana mtu. Harufu ikapita, ikamzunguka Bibi, ikapungua, na watoto huko nje wakaanza tena kelele zao. Bibi akaomba maji. Akaomba na kikombe cha pili, akakiweka kwenye kiti kitupu kando yake.

Mganga alipokuwa akifunga kamba za viatu alimwambia Mwandishi maneno haya: "Kinywani mwa bibi yako ametoka. Karatasini bado yumo. Umemweka ndani akicheka, na mwenyewe yuko nje anaungua. Mwandike alipokuwa."

Na Mwandishi aliandika, msimnyime haki yake. Siku mbili hakusimama. Aliandika komeo na subana na gunia la maharage, kwa hasira iliyomfanya atoboe karatasi, na ilikuwa sura bora kuliko zote alizowahi kuandika. Bibi aliisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, ndiyo.

Akaipeleka. Mhariri akampigia. Hakugomba, maana wenye kuharibu kweli hawagombi. Alimsifu kwanza. Kisha akasema wasomaji wake husoma wapate usingizi, hawataki kuona nani kashika komeo. Akamkumbusha jalada, limekwisha chapwa, watatu wanacheka. Akamwambia, dada yangu, ni neno moja tu, njaa, na kila mtu anabaki mtu mwema.

Mwandishi alitazama jikoni. Bibi alikuwa anakula. Wiki mbili nyumba ilikuwa kimya. Zile barua za wasomaji zilikuwa kwenye kikapu, zimefungwa utepe.

"Haya," alisema. "Rudisha ya zamani."

Alisema haya, na haya hakuwa nayo. Bibi hakuambiwa.

Kitabu kikazinduliwa mchana, kwenye ukumbi mkubwa wenye madirisha pande zote. Walikuja wanawake mia tatu, walimu, wauguzi, akina mama na binti zao, kila mmoja na nakala mapajani. Bibi aliketi mstari wa mbele amevaa nguo yake mpya. Kwenye kiti cha kando alitandika kitambaa chake, asikikalie mtu.

Mhariri ndiye aliyechagua sura ya kusomwa, na Mwandishi akaisoma kwa ile sauti yake ya ukumbini. Wamefunga, hawana punje, Kicheko anawachekesha. Tulisoma kwa sauti, ili tusisikie njaa. Wanawake wakajifuta macho. Bibi alisimama polepole. Hakupaza sauti, lakini mstari wa kwanza wote walimsikia.

"Umemfungia tena," alisema.

Akachukua kitambaa chake kwenye kile kiti, akatoka kwa mlango wa pembeni bila kugeuka nyuma.

Mwandishi akacheka kidogo, akawaambia ni uzee, akamaliza ukurasa, wakapiga makofi, na makofi yalipokwisha wale wanawake mia tatu wakafunga vitabu vyao mapajani. Muuguzi mmoja wa mstari wa pili akafungua chake tena, akakifunga, akamnong'oneza jirani yake kwamba mwenzangu, hiki cha kwangu kina mende ndani. Jirani akaweka sikio kwenye cha kwake. Kisha ikaanza mstari wa tatu, ikaanza wa kumi, ikaenea hadi nyuma kabisa, chuma chembamba juu ya mbao, ti, ti, ti, kutoka katika vitabu mia tatu, na harufu ya nguo iliyoungua ikanyeshewa ikaja ikipanda kutoka sakafuni, na Mwandishi akajua, akajua yote kwa mara moja, akajua neno litakalosemwa na neno litakaloitikiwa, akafungua kinywa awaambie msijibu, jamani msijibu, na kinywa kikajifunga, meno yakakutana kama mlango na fremu, na nyuma ya meno yake kitu kikaanza kugonga.

Mlango mkubwa wa ukumbi ulikuwa umefungwa. Nje yake sauti ya msichana, changamfu, ikasema:

"Hodi, masomo."

Na wanawake mia tatu, waliolelewa vizuri na mama zao, wakageuza nyuso zao zenye machozi matamu kuelekea mlangoni, wakaitikia kwa sauti moja:

"Karibu."