Faili Namba 05

"Mtama unaliwa na ndege wa ndani. Una mpaka saa sita mchana."

Simu ikakatika.

Kauthar akairudisha Nokia mfukoni. Bosi wake, Mrisho, hakuwa mtu wa kurudia maneno. Alimaanisha kwamba msaliti yumo humu humu ofisini, Singida Mjini, nyuma ya kibao cha ushirika wa alizeti kilichoficha kazi yao halisi.

Kazi hiyo ilikuwa kuwaficha mashahidi.

Tangu nchi ifungue milango ya biashara, malori yalileta kila kitu: redio, mitumba, na ndani ya marobota ya mitumba, bunduki. Wanavijiji kumi na mmoja walikubali kutoa ushahidi dhidi ya wenye malori. Jumanne, mmoja wao, Yohana wa Kinyangiri, alikutwa kisimani akiwa amechinjwa.

Walibaki kumi, wakahamishwa. Anwani za makazi yao mapya zilikuwa ndani ya kompyuta moja tu.

Kauthar alifunga mlango, akaifungua folda ya maagizo. Flashi ikichomekwa, mashine huyasoma maagizo yale kwa namba, kuanzia ndogo, na la kwanza kuitambua flashi ndilo huamua ipokewe au ikataliwe. Aliyapanga mwenyewe: 10, 20, 50. Agizo la 10 lilikataa kila flashi ngeni.

Leo kulikuwa na 05.

Liliipokea flashi moja, Kingston, kimyakimya, kabla ya 10 kusomwa.

Nani?

Macho yake yakaangukia daftari la masjala. Akafunua ukurasa wa mwisho.

"Faili 05. Flashi. Limefunguliwa 14/3/2005. A.M."

Mzee Abdillahi. Miaka thelathini na miwili masjala. Mkono wake haukujua kufungua faili bila kuliandika daftarini, hata faili la usaliti. Na Kauthar ndiye aliyemfundisha kompyuta, jioni baada ya jioni, mzee akicheka kama mtoto kila herufi ilipotokea.

Hakulifuta 05. Aliandika 04, lisomwe kabla yake.

Flashi ile ikiingia, ingepewa orodha nyingine, yenye anwani moja tu kwa mashahidi wote kumi: ghala la alizeti, Iguguno.

Akampigia Mrisho. "Jaza askari ghala la Iguguno."

"Wangapi?"

"Wote ulionao."

Saa sita kasoro tano, mzee aliingia, akachomeka, akachomoa. Kutoka stoo, Kauthar alimwona kupitia dirisha akimpa flashi dereva wa Land Cruiser nyeupe. Gari likaondoka likitimua vumbi.

Alimfuata ndani. Browning ilikuwa mkononi, imeelekezwa sakafuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Aliiona bastola. Akakaa taratibu. "Wanaye binti yangu. Kuluthumu. Leo siku ya tisa."

"Ungeniambia."

"Walisema nikisema, wataniletea vidole vyake."

"Yohana naye alikuwa na binti, mzee."

 Mzee alivua kofia, akaiweka magotini. Wakangoja hivyo, wawili.

Saa nane redio ilikoroma.

"Ghala kwa Kindai."

"Kindai nakupata," Kauthar alijibu kwa jina lake la redioni.

"Watano mikononi. Wawili chini. Kuna binti ndani ya gari lao, amefungwa kamba."

Kauthar aliikaribia redio. "Hali?"

"Anapumua. Anamwita baba yake."

Mzee alifunika uso.  Kisha alinyoosha mikono yote miwili, mwenyewe, na pingu zikalia.

Mlangoni mzee alisimama mbele ya askari waliokuja kumchukua, akamtazama Kauthar.

"Umewaingiza mtegoni kwa njia gani?"

"Nilifungua 04."

Mzee akageukia daftari kwa mazoea ya maisha yote. "Hukuliandika, mwanangu."

Walipomtoa, Kauthar alichukua kalamu ya mzee. Akaandika 04, tarehe, na herufi za jina lake mwenyewe. Chini ya 05 akaandika: Limefungwa.

Akarudi juu ya ukurasa, kwenye jina la Yohana, ambaye faili lake lilikuwa bado halijafungwa. Hapo kalamu ilisimama.

Aliiacha nafasi ile wazi, akavaa miwani ya jua, akatoka.