Mtu Aliyesimama Kando

Mimi ni kinyozi. Asubuhi nafagia, nachemsha maji, napanga vifaa, kisha soga inaanza. Kazi yangu ni nywele, lakini ugonjwa wangu ni historia. Ukutani nimebandika picha kumi na tatu za zamani za mtaa wetu. Nilizipata kwa mpiga picha aliyefunga duka. Chini ya kila picha niliandika maelezo kwa mkono wangu. Wateja wakiyasoma, kichwa kinanivimba.

Picha kubwa kuliko zote ni ya wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi. Wamesimama bega kwa bega. Mmoja tu amesimama kando, ametazama chini. Niliandika: "Huyu ndiye msaliti. Aliwauza wenzake wakati wa mgomo." Maneno hayo yalikaa pale miaka miwili.

Siku moja mama mkwe wangu alikuja kututembelea. Mke wangu alikuwa sokoni, basi nikamkaribisha mama kwenye benchi la dukani, nikaendelea kumnyoa mteja ndevu. Mwaka huo alikuwa katika kisomo cha watu wazima, na alisoma kila kilichomjia mbele. Alisoma chupa ya mafuta. Alisoma ubao wa bei. Kisha akafika kwenye picha.

"Huyu... ndiye... msa... msaliti." Akaisogelea picha.

"Mkwe, nani ameandika hapa?"

"Mimi, mama," nikajibu kwa majivuno.

"Huyu ni baba yangu."

Wembe ukaganda mkononi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kitini alikuwa mtunza maktaba, ambaye sisi humwita Bwana Kurasa, povu bado liko kwenye shavu moja.

"Nani alikwambia mtu huyu alisaliti?" akaniuliza.

"Watu wanasema kwenye ule mgomo palikuwa na msaliti."

"Watu gani?"

"Wa hapa hapa, wakinyolewa."

"Walimtaja huyu?"

"Hapana. Nilimwona amesimama peke yake."

"Basi picha inaonyesha mtu amesimama kando. Huo ni ukweli, kila mwenye macho anauona. Usaliti umeutia wewe. Hayo ni maoni yako, na umeyaandika kama vile ulikuwepo."

Mama akasema polepole, "Baba alikuwa akikohoa. Vumbi la pamba lilimharibu kifua. Wenzake waliogopa kuambukizwa."

Nikachukua kalamu mbio, niandike hivyo. Bwana Kurasa akanishika mkono.

"Unaruka tena. Andika ni nani amesema."

"Ni kweli," mama akasema. "Nilikuwa mtoto. Andika ni mimi niliyesema."

Nikaandika: "Wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi. Mmoja amesimama kando. Binti yake anasema alikuwa mgonjwa wa kifua. Sababu hasa hatujaithibitisha."

Kisha nikapitia picha zote. Tisa nilikuwa nimezitia chumvi. Chini ya moja niliandika: "Bibi harusi aliyelazimishwa." Nilijuaje? Kwa sababu tu hakutabasamu. Nilizibandua karatasi zile moja moja, na mama ananitazama.

Akasoma maelezo mapya kwa kidole. "Haya sawa. Lakini waliosoma yale ya kwanza, mkwe, utawapata wapi?"

Aibu kama ile sikuwa nimewahi kuionja.

Tangu siku hiyo, kabla sijamfunga mteja kitambaa shingoni, namwonyesha picha. "Yule mtu nilimsingizia. Sikuwa na ushahidi." Wengi hucheka tu. Mzee mmoja hakucheka.

"Mimi nilishamsimulia mke wangu," akasema. "Naye ameshasimulia nusu ya mtaa."

Nikamwomba amlete. Jana alikuja naye. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi. Yule mwanamke akasoma maelezo, akarudia kuyasoma, kisha akanigeukia.

"Kwa hiyo mwongo ni wewe?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Basi leo nina kazi ya kuzunguka mtaa mzima," akasema, akajifunga mtandio vizuri, akatoka.

Mama mkwe alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka dukani kwangu tangu siku ile.