Thelathini za Mtu wa Tatu

Kiti cha tatu kilikuwa na joto.

Mpimaji aligundua hilo kwa sababu kila asubuhi hutupa mkoba wake juu ya kiti hicho, na hakuna anayekikalia tangu mpimaji mwenzake aache kazi. Alikipapasa kwa kiganja. Joto lile ni la makalio, la kiti ulichoachiwa na mtu kwenye foleni ya kliniki. Akajiambia ni taa tu. Chumba kile kilikuwa na taa za kutosha kusingiziwa chochote.

Chumba chenyewe hakina dirisha. Kuna rafu juu ya rafu za balbu za LED zinazowaka bila kupumzika, mwezi kwa mwezi, na kazi ya mpimaji ni kuzitazama zikifa. Balbu ya zamani ilikuwa na adabu: ilipasuka pap, ukajua msiba umeingia, ukaenda dukani. Hii ya LED inakufa kinafiki. Wewe umekaa chini yake unakula na kusimanga watu, nayo inapungua kidogo kidogo, joto linaitafuna kwa ndani, ule unga wa njano uliopakwa juu yake unachakaa, nuru inabadilika rangi, na jicho lako linazoea. Ndiyo maana hupimwa. Wanaiweka ndani ya tufe kubwa jeupe linalofunguka kama tikiti lililokatwa, wanafunga, wanasoma mashine. Ikishuka hadi sabini katika mia ya nuru iliyoanza nayo, imehesabiwa imekufa. Bado inawaka, lakini kwao ni maiti.

Kanuni ya kituo hicho ni kwamba kila balbu ipimwe na watu wawili, kila mmoja kivyake bila kuchungulia jibu la mwenzake, na mkubwa awasimamie. Mwisho wa kazi hutoka ripoti yenye majina yote matatu, na kando ya kila jina fungu lake: huyu kaandika na kufanya kiasi gani, yule kiasi gani, jumla mia. Kwenye mafungu hayo wasomi hugombana kuliko wajane kwenye mirathi.

Sasa mpimaji wa pili aliacha kazi na hakuletwa mwingine, na ripoti ilikuwa inasubiriwa. Mkubwa, mwanamume aliyependa jina lake mpaka akalibandika kwenye kikombe cha chai, akaona dawa ni kumtunga mtu. Wakamtafutia jina. Jina lenyewe halitatajwa hapa, na mwenye akili zake hataliuliza. Mkubwa akajipa arobaini kwa kusimamia, yaani kwa kuingia saa nne na kuuliza kama maji yamechemka. Mpimaji aliyefanya kazi yote akapewa thelathini. Thelathini zilizobaki zikaenda kwa mtu asiyekuwepo.

"Tumpe za kushiba," mkubwa alisema, "asije akaonekana mpita njia."

Wakacheka. Kisha mpimaji akaketi kumtungia vipimo vyake, na hapo ndipo alipoharibu. Hakutaka majibu yafanane na yake, watu wangeshtuka. Basi kila alichopima yeye, akampunguzia yule kidogo. Kila mara chini, hakuna hata siku moja juu. Akamfanya mtu mwenye tabia yake: mtu ambaye akitazama nuru yoyote anaiona pungufu. Ripoti ikatoka, ikasifiwa, na mkubwa akaanza kutajwa kwenye vyeo.

Ndipo kiti kikaanza kupata joto.

Baada ya kiti ikaja harufu ya plastiki inayoungua pasipo moto, iliyokaa kooni hata ukitoka nje. Baada ya harufu, tufe. Mpimaji huliacha wazi, akirudi anakuta limefungwa, na kwa ndani kuna kucha inagonga polepole, kama ya mtu anayesubiri kuhudumiwa. Mashine nayo ikaanza visa. Alipima balbu mpya, akaenda kunywa maji, akarudi akakuta jibu limeshuka kidogo, upungufu uleule aliokuwa akiutunga kwa mkono wake. Aliutambua kama mtu anavyotambua kikohozi cha mumewe gizani.

Alimweleza mkubwa. Mkubwa alimwambia abadilishe betri za mashine, na aache kuwatia hofu wafagiaji.

Nyumbani alikuwa na binti wa miaka sita waliyemwita Kasuku, maana aliongea hata akipiga mswaki. Mama mkwe ndiye aliyeshinda naye, mwanamke asiyesifu kitu, na ndiye aliyeona kwanza.

"Mtoto ameshuka sauti," alimwambia mkwewe mlangoni, kabla hajavua viatu. "Siku nzima nimekaa kwa raha, na raha ndani ya nyumba hii siijui. Kuna kitu."

Mpimaji akaingia. Mchana ulikuwa mweupe, mapazia wazi, na binti yake alikuwa sakafuni akichora, uso karibu ugusane na karatasi.

"Mama, washa taa."

Taa ilikuwa inawaka. Jua lilikuwa limemwagika mpaka miguuni pake. Mpimaji alipiga magoti, akamshika kidevu, akamgeuzia dirishani, na jicho lake lililozoea kazi ile likaona kile ambacho jicho la mama lilikuwa limezoea na kupitiliza: mtoto amechujuka, kama nguo iliyosahauliwa kambani.

"Nani anakusumbua, mwanangu?"

"Yule mjomba wa kazini kwako." Sauti ilitoka nyembamba. "Ananiingiza kwenye mpira mweupe, anafunga. Amesema nimebaki sabini na sita. Amesema ana fungu lake kwenye kila kitu ulichofanya."

Mpimaji akahesabu: sita tu kufika sabini. Alijua kipimo kile kinaishia wapi.

Mama mkwe hakungoja ruhusa ya mtu. Alimleta fundi magodoro wa mtaa wa pili, ambaye kwa siku za kawaida hushona magodoro na kwa siku nyingine hutoa majini, na kote hutumia sindano kubwa ileile. Fundi akanusa mlangoni, akamtazama mtoto, na mkoba wake hakuufungua.

"Dawa yangu ni ya mgeni aliyeingia bila hodi," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ameitwa. Amepewa jina, amepewa na haki. Nani alimpa?"

Mpimaji akasema yote, macho yake chini. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kuwa alidhani mwanawe ameoa msomi.

"Mlitunga mtu mtupu," fundi akasema. "Kitu kitupu hakikosi wa kukiingia. Mfute palepale mlipomwandika. Lakini lile fungu lake msiligawane. Semeni halikuwa la mtu, mkubali aibu. Atakayelichukua, amemchukua na mwenye fungu."

Kesho yake mpimaji alimzibia mkubwa njia kwenye chumba cha taa, akamweleza maneno ya fundi neno kwa neno. Mkubwa akafoka kwa kunong'ona, kwa sababu wafagiaji walikuwa koridoni. Alisema hawezi kuitangazia dunia kwamba walitunga mtu, cheo chake kiko mezani, na kwamba fundi magodoro abaki na pamba zake. Alikuwa bado anasema hivyo wakati tufe lilipojifunga nyuma yake.

Kucha ikagonga. Kisha rafu ya mbali ikafifia, haikuzimika, ilififia tu, na baada yake iliyofuata, na nyingine, nuru ikinyweka kutoka ukutani kuja kwao kama maji yanayovutwa na mtu mwenye kiu isiyo na haraka, na ile harufu ya plastiki ikajaa mpaka ulimi ukawa mchungu, na kiti cha tatu kikalia kama kinavyolia kiti mtu mzito anapojiweka sawa, na hapo kitini hapakuwa na mtu, palikuwa na sehemu iliyopungua tu, umbo la mtu ambapo kila kitu nyuma yake kilionekana hafifu, rafu hafifu, ukuta hafifu, na sauti kavu kama karatasi ikaanza kuwasomea, taratibu, bila chuki, mkubwa kiasi gani, mpimaji kiasi gani, mtoto sabini na mbili.

Mpimaji alikuwa ameshafika kwenye kompyuta. Aliifungua ripoti, akalifuta lile jina. Kompyuta ikakataa kuhifadhi: mafungu hayafiki mia.

"Andika halikuwa la mtu," alimwambia mkubwa. "Nywila ni yako. Andika tutoke."

Mkubwa akasogea. Jasho lilikuwa linamdondokea kwenye tai, na hata hivyo mkono wake ulijua njia. Alifuta arobaini zake kando ya jina lake, akasimama kidogo kufikiri.

"Msimamizi ni mimi," alisema. "Zije kwangu. Hakuna atakayeuliza."

Akaandika sabini.

Mpimaji aliiona ile namba. Alikuwa ameitazama miaka yote ya kazi yake, na kwenye chumba kile hapakuwa na mtu aliyeijua zaidi. Alifungua mdomo. Akamkumbuka Kasuku wake sakafuni, uso kwenye karatasi, jua likiwa miguuni. Mkubwa alikuwa ameshaambiwa mara moja, kwa Kiswahili kilichonyooka. Mara ya pili hakuambiwa.

Kompyuta ikahifadhi. Taa zikarudi zote kwa pamoja, na kiti kikalia tena, kama kinavyolia mtu anaponyanyuka.

Jioni ile mpimaji alisikia kelele za binti yake tangu kwenye ngazi. Mama mkwe alikuwa ameziba masikio kwa viganja, analalamika kwamba mtoto huyu amemrithi mama yake kwa domo, na alipoviondoa viganja alivipitisha machoni kwa ujanja.

Mkubwa akapata cheo. Ofisi yake mpya iko juu, ina dirisha kubwa linalotazama mashariki. Asubuhi moja mpimaji alimpelekea makaratasi ya kusaini akamkuta ameketi jua likimpiga usoni, uso karibu ugusane na meza. Ofisi ilinuka plastiki iliyoungua.

"Washa taa," mkubwa alisema. Kisha, kwa mdomo uleule, sauti nyingine kavu ikarudia, "Washa taa."

Mpimaji akatazama juu. Zilikuwa zinawaka zote.

Akaweka makaratasi mezani, akafunga mlango taratibu, akashuka kwenye chumba chake na kutupa mkoba juu ya kiti cha tatu. Kilikuwa baridi. Na mkubwa hajakosa kufika kazini hata siku moja: anaingia, anasalimia, anasaini, anaongoza mikutano. Wenzake wanamsifu kwamba cheo kimemtuliza.

Bado anawaka.