Breki za Tamsin

Kila Jumamosi, saa mbili asubuhi, Tamsin Rowse alivaa ovaroli ya bluu iliyomzidi kimo, akaikunja miguuni mara tatu, kisha akamfuata mama yake hadi kwenye banda la nyuma ya nyumba. Mama alibeba chupa ya chai na pasti mbili, mikate iliyojazwa nyama na viazi, kutoka kwenye duka la mikate alikofanya kazi. Tamsin alibeba redio. Hawakuzungumza sana mpaka chai iishe. Ndipo mama aliponyanyua turubai, na gari lao likaonekana.

Kwa kweli halikuwa bado gari. Lilikuwa fremu ya mabomba ya chuma, ndefu na nyembamba, yenye nafasi ya watu wawili, bila paa wala milango. Fremu hiyo waliinunua mpya. Vitu vingine karibu vyote vilitoka kwenye gari moja jekundu la zamani walilolipata kwa mkulima mmoja nje ya mji wa Camborne. Sakafu yake ilikuwa imeliwa na kutu hata Tamsin aliweza kupitisha mguu mzima na kukanyaga nyasi, lakini injini ilinguruma vizuri. Miezi mitatu mama na binti walilifungua kipande kwa kipande: injini, gia, usukani, magurudumu, breki. Kila bolti waliitia kwenye kopo tupu la aiskrimu na kuandika ubavuni ilikotoka. Bodi iliyobaki ikaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Camborne si mji wa kuficha jambo. Watu waliongea, na aliyeongea kuliko wote alikuwa mjomba Denzil, kaka yake mama, mwenye gereji karibu na stesheni. Siku ya Krismasi, mezani mbele ya ukoo mzima, alihesabu kwa vidole mambo yote ambayo dada yake alianza akayaacha: kozi ya ushonaji, gitaa, bustani ya maboga. Akasema gari hilo nalo litaishia kuwa banda la kuku. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi.

Mama aliweka uma wake chini. "Kabla ya likizo ya kiangazi litakuwa barabarani," alisema, "na hutashika hata nati moja."

Wakacheka tena. Tamsin hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na tatu, na tangu siku ile aliihesabu kazi ya banda kuwa vita vyake mwenyewe.

Shuleni mambo yalikuwa yale yale. Jago Pengelly, aliyekaa nyuma yake darasani, aliliita gari lile "bafu la Rowse", na kila Jumatatu alimuuliza kama wameshafunga bomba la maji moto. Tamsin hakushtaki kwa mwalimu. Alijifunza kwa moyo kazi ya kila kifaa, na siku moja alimgeukia Jago mbele ya wenzao akamtaka aeleze gia inafanya kazi gani. Jago alibabaika. Tamsin akaeleza yeye, kuanzia mwanzo hadi mwisho, polepole kama mtu anayemsomea mtoto mdogo. Bafu likaendelea kuitwa bafu, lakini kwa sauti ya chini.

Majira ya baridi yalipokwisha, mama alimkabidhi kazi ya mabomba ya breki. Alimwambia kwamba vidole vyake ni vyembamba, na subira anayo kuliko mama mwenyewe. Tamsin alikata mabomba mapya ya shaba, akayakunja kufuata fremu, akapanua midomo yake kwa kifaa chao cha bei rahisi, na kuyafunga kwa nati kiungo baada ya kiungo. Viungo vyote vilikaa vizuri isipokuwa kimoja, karibu na gurudumu la nyuma la kushoto. Pale nati iliingia upande. Angeifungua aanze upya, lakini alikuwa amechoka, akaisukuma kwa spana. Ghafla ikalegea mkononi. Nyuzi zake, ile mistari inayoishika mahali pake, zilikuwa zimelika.

Mama alikuwa zamu kazini. Tamsin alikaa sakafuni akiitazama. Kubadilisha kiungo kile kulimaanisha kurudia bomba zima, tena kulimaanisha kusema kwa kinywa chake kwamba ameshindwa, na sauti ya mjomba Denzil ya Krismasi ilikuwa bado masikioni mwake. Aliingia jikoni, akachukua utepe mweupe wa kuzuia maji kwenye mabomba ya sinki, akauzungusha juu ya nyuzi, akakaza, akafuta. Kwa macho, kiungo kilionekana kizima. Mama aliporudi na kuuliza, alijibiwa kwamba kila kitu tayari. Wakajaza mafuta ya breki, wakatoa hewa, pedali ikawa ngumu kama inavyotakiwa, wala halikutoka tone. Mama alimkumbatia. Tamsin alitazama pembeni.

Mwezi Mei gari lilipata bodi yake ya bati la aluminiamu, taa na viti. Lilibaki jambo moja. Gari lililotengenezwa nyumbani haliruhusiwi barabarani mpaka likaguliwe na mkaguzi wa serikali, na siku yao ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Alhamisi, siku nane kabla, mjomba Denzil akatokea bila taarifa. Mama alikwenda ndani kuchemsha chai. Mjomba alilizunguka gari mikono mfukoni, hakusifu, hakukejeli. Alipofika gurudumu la nyuma la kushoto alichuchumaa, akapitisha kidole chini ya kiungo, akakinusa.

"Hapa panavuja," alisema.

"Ni mafuta ya jana. Yalimwagika tukimimina."

"Mafuta ya jana hayadondoki leo, mpwa wangu."

Tamsin alihisi masikio yakiwaka moto. "Wewe ulisema tangu mwanzo halitafika popote. Sasa limefika, umekuja kutafuta kasoro. Tafuta kwingine."

Mjomba alisimama, magoti yakalia. "Sitamwambia mama yako," alisema. "Gari ni lenu. Utamwambia wewe." Akaondoka kabla chai haijaletwa. Mama alipouliza mjomba amesema nini, Tamsin alijibu kwamba hakusema lolote la maana.

Kuanzia kesho yake aliamka mapema kuliko mama, akaenda bandani na kitambaa. Ijumaa palikuwa na doa moja kwenye saruji, dogo kama kifungo cha shati. Alilifuta. Jumamosi lilikuwa kama sarafu. Alilifuta pia, akajiambia ni la mwisho.

Jumapili alasiri mama alitaka kulijaribu gari kwenye njia ya shamba la jirani, ambayo si barabara ya umma. Njia ile inateremka kwa mkupuo kati ya kuta mbili za mawe mpaka kwenye geti, na nje ya geti malori hupita kwa kasi. Walilisukuma gari hadi juu. Mama alivaa miwani ya kuzuia upepo, akakaa, akawasha injini. Ilinguruma safi kabisa. Alikuwa anacheka peke yake, kicheko ambacho Tamsin hakuwa amekisikia kwa muda mrefu.

Tamsin aliangalia chini ya gurudumu la nyuma. Nyasi zilikuwa zinang'aa kwa mafuta.

Alikwenda mbele ya gari, akaweka viganja vyote viwili juu ya boneti.

"Zima, mama."

Mama alidhani ni mzaha, akampungia mkono asogee. Tamsin hakusogea. Mama akaingurumisha injini kidogo, akamwambia asicheze, siku inakwisha.

"Sisogei," alisema Tamsin. "Zima. Breki ya nyuma inavuja, na mimi nilijua."

Injini ikanyamaza. Pale pale, huku mikono yake ikiwa bado juu ya boneti, alieleza yote: nati, utepe, vitambaa vya asubuhi, maneno ya mjomba. Mama akakanyaga pedali na kuishikilia. Wote wawili waliitazama ikishuka taratibu mpaka ikagusa sakafu.

Mama alishuka, akaenda kukaa juu ya ukuta wa mawe, akitazama geti kule chini.

"Nati kulika si kitu," alisema mwishowe. "Mimi nimeharibu nati ngapi mwaka huu? Lakini uliniacha nikakaa kwenye kiti kile."

Tamsin alilia, ila hakuomba kuondolewa lawama. Alisema atalitengeneza mwenyewe kabla ya Ijumaa. Mama alimjibu kwamba kifaa chao cha kupanua mabomba kimepinda, hakifai tena, na mtu mwenye kifaa kizuri Tamsin anamjua.

Kwa hiyo Jumatatu, baada ya shule, Tamsin aliingia kwenye gereji ya karibu na stesheni. Mafundi wawili waliacha kazi kumtazama. Angeweza kumvuta mjomba pembeni. Hakutaka. Alisimama katikati ya gereji akasema kwa sauti ya kusikika, "Mjomba, ulisema kweli. Panavuja. Niliharibu nyuzi za nati nikazifunga kwa utepe. Naomba uniazime kifaa."

Mjomba Denzil alifuta mikono yake. Hakucheka, na mafundi walipoanza kutabasamu aliwatazama wakaacha. Akasema hiyo ni kazi ya nusu saa, atapita jioni aimalize.

"Hapana," alisema Tamsin. "Mama alisema hutashika nati hata moja. Na aliyekosea ni mimi."

"Basi kaa hapa ujifunze," alisema mjomba, akamsukumia kigoda.

Alimpa vipande vya mabomba chakavu. Mdomo wa kwanza ulipasuka. Wa pili ulikwenda upande. Mjomba aliukataa wa tisa na wa kumi kwa kutikisa kichwa tu. Wa kumi na moja aliugeuza kwenye mwanga mara mbili, akautia mfukoni, akampa kifaa aende nacho. Jumatano bomba jipya lilikuwa limefungwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mama alikanyaga pedali kwa miguu yote miwili, nayo haikushuka hata kidogo. Tamsin alitandika magazeti chini ya gari usiku kucha. Asubuhi yalikuwa makavu.

Ijumaa walilipakia gari kwenye trela. Mkaguzi alikuwa mwanamke mmoja mfupi mwenye tochi, Bi Hocking, asiyejua kutabasamu kazini. Alilikagua kwa saa nne. Kwenye mabomba ya breki alichelewa sana, kisha akauliza aliyeyatengeneza. Mama alimwonyesha Tamsin kwa kidole. Bi Hocking alimtazama Tamsin juu ya miwani, akasema, "Kazi safi," akaendelea.

Lakini alilikataa gari. Chini ya usukani palikuwa na ukingo wa bati mkali unaoweza kumkata mtu goti, na kioo kimoja hakikuonyesha nyuma vya kutosha. Mama aliipokea karatasi ya kukataliwa. Tamsin aliisoma yote, mstari kwa mstari.

"Ni vitu viwili tu," alisema. "Tutarudi."

Walirudi baada ya wiki mbili, ukingo umepigwa tupa ukawa laini na kioo kimebadilishwa. Safari hiyo Bi Hocking alitia sahihi.

Zilikuwa zimebaki siku tatu shule zifungwe walipofunga namba za gari na kuliingiza barabarani. Walichukua njia ya Portreath, kijiji cha pwani. Wakulima walisimamisha matrekta kuwatazama, na mvua ikaanza kuwanyeshea vichwani kwa kuwa paa halikuwapo. Hawakujali. Juu ya mteremko mkubwa unaoingia kijijini, mama alisimamisha gari kando.

"Nikwambie jambo," alisema, maji ya mvua yakimchuruzika puani. "Wakikucheka, wakatalie. Jago, mjomba wako, dunia nzima, wakatalie mpaka wachoke. Hilo nalipenda kwako, usiliache. Lakini kitu kikiwa cha kweli, usikikatalie kwa sababu tu humpendi aliyekisema. Ukikosea sema mapema, hata kama sauti inatetemeka. Mtu mwingine anaweza kuwa amekaa kwenye kiti."

Tamsin alisema ameelewa.

"Haya. Breki?"

"Nzima."

"Kweli?"

Tamsin alimtazama usoni. "Kweli, mama."

Mama aliingiza gia, akaliachia gari literemke.